Maji Mekundu, Maji Meupe: Visima vya Glastonbury na Damu Inayosimuliwa

Msomaji wetu aliyeko Uingereza anauliza: "Shikamoo mwalimu. Naishi Bristol, kazi yangu kutunza wazee. Rafiki yangu alinipeleka mji wa Glastonbury. Tukakuta chemchemi mbili, moja huku na moja kule ya njia nyembamba. Moja inaacha wekundu kwenye mawe, nyingine weupe. Tukaambiwa ule wekundu ni damu ya Yesu, kwamba kikombe chake kimezikwa pale chini. Nilijaza chupa ya maji mekundu nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Tanga ampelekee mama. Mama amekataa hata kuigusa, anasema maji ya mzimu hayachotwi bila kubisha hodi. Hadithi hii ina ukweli gani? Kwa nini maji jirani yawe na rangi mbili? Na chupa ya mama tuifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Umenishika penyewe, maana visima na simulizi zake ndivyo vilivyonila miaka. Nitaanza na rangi, kwa kuwa hilo lina jibu fupi. Damu itatuweka kidogo.

Ukiyakinga yale maji ya Chalice Well, ndiyo ile chemchemi nyekundu, kwenye glasi utaona hayana wekundu wowote. Ni maangavu kama ya mvua. Ulimi ndio unaoyatambua: yana ladha ya msumari. Huko chini ambako hewa haifiki, maji yamebeba chuma kilichoyeyuka, na chuma kilichoyeyuka hakionekani kwa macho. Yakitoka nje yakakutana na hewa, chuma kinageuka kutu, tena kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyohiyo ya kukigeuza. Kutu haiwezi kuelea ikayeyuka tena, inatua juu ya mawe. Kwa hiyo kilicho chekundu ni jiwe, si maji. Ng'ambo ya njia, White Spring inapita kwenye mawe ya chokaa ya kilima cha Tor, nayo inaacha ukoko mweupe uleule unaoganda ndani ya birika la chai kwa wanaotumia maji ya kisima. Ni mapito mawili tofauti chini ya ardhi ambayo yametokea kupata mlango mahali pamoja. Hata kile kilima, chenye kimo cha mita 158, wataalamu wa miamba wanasema kimesimama kwa sababu ya chuma: maji yenye chuma yalikaza mchanga wa juu ukawa mwamba, udongo laini wa pembeni ukachukuliwa na mvua, kofia ngumu ikabaki.

Nyekundu inatoa karibu lita 110,000 kwa siku, na joto lake ni nyuzi 11 hivi, iwe jua iwe theluji. Katika ukame wa 1921 ilinywesha mji. Ukizijua hizo tarakimu mbili tu, hujashangaa kwa nini watu waliiheshimu. Na kuna la tatu: Glastonbury zamani ilikuwa karibu kisiwa. Pande zote ni bonde la chini lililokuwa likifunikwa na maji, matope na matete, na watu wa kale kabla ya Warumi walijenga kijiji kizima juu ya kinamasi hicho. Wewe ni mtu wa pwani, hili huhitaji kuelezwa. Lamu imezungukwa na maji ambayo hayanyweki, na uhai wa mji umo katika maji matamu yaliyojificha chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mahali palipo na maji mengi mabaya, maji mazuri machache yanapata adabu yake.

Sasa damu.

Kama ulivyosimuliwa, habari inakwenda hivi: Yusufu wa Arimathaya, yule tajiri wa Injili aliyetoa kaburi lake azikwe Yesu, alisafiri mpaka Uingereza. Mkononi ana kikombe cha Karamu ya Mwisho, ndani yake amekinga damu ya msalabani. Akafika hapo na wenzake wamechoka, akachomeka fimbo yake kwenye kilima cha Wearyall, ikachipua mti wa miiba unaochanua mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi na tena majira ya kuchipua. Kikombe akakizika penye chemchemi, na tangu hapo maji yanakuja na damu. Inasimuliwa kama kitambaa kimoja. Ukiigeuza upande wa ndani unaona viraka, na kila kiraka kina mwaka wake.

Mnamo miaka ya 1130 mwanahistoria mtawa, William wa Malmesbury, aliandika historia ya nyumba ya watawa ya Glastonbury, akiiandikia wenyeji wake wenyewe. Alikuwa na kila sababu ya kuwatukuza, na alizipekua hati zao. Yusufu hayumo. Halafu tarehe 25 Mei 1184 nyumba ikaungua pamoja na hazina na masalia ya watakatifu, yaani vile vitu vilivyokuwa vikivuta mahujaji na sadaka zao. Mwaka 1191 watawa wakatangaza kwamba wamechimba wakakuta kaburi la Mfalme Arthur na mkewe. Mimi sisemi waliongopa, nasema tu kwamba walikuwa na paa la kuezeka. Karibu na mwaka 1200 mshairi Mfaransa, Robert de Boron, akatunga habari za Yusufu akikinga damu kwenye kikombe, na jamaa zake wakielekea magharibi, kwenye mabonde ya Avaron, jina ambalo watu walilichukua kuwa ndiyo Glastonbury. Katikati ya karne ya 13, jina la Yusufu likaingia kwenye nakala za kitabu cha William, ambaye alikwisha kufa karibu miaka mia. Kwenye miaka ya 1340 mtawa mwingine, John wa Glastonbury, anaandika kwamba Yusufu alikuja na vichupa viwili, kimoja cha damu na kimoja cha jasho la Yesu, na kwamba vimezikwa naye kaburini.

Hapo simama kidogo, mwanangu. Kaburini. Si kisimani. Wala si kikombe. Watawa wenyewe, waliokuwa na faida kubwa ya kuieneza hadithi, walikikwepa kikombe cha washairi, na chemchemi waliiacha iwe chemchemi. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII akaifunga nyumba yao, na abate wao mzee, Richard Whiting, akanyongwa juu ya Tor, ile sehemu yenye mnara. Ni baada ya watawa kuondoka ndipo damu ikahamia kwenye maji. Jina lilisaidia. Zamani mahali hapo paliitwa Chilkwell au namna ya hiyo, na mtaa unaopita chini yake unaitwa Chilkwell Street hadi leo. Ulimi ukateleza kutoka hapo mpaka "chalice", kikombe cha ibada, na jina likishakuwa kikombe, wekundu ukatafutiwa damu. Karne ya 19 ndiyo iliyoikomaza. Ukifuata maandishi, hadithi ya damu kisimani ni changa kuliko Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593.

Lakini usifikiri watu hawakuyafuata maji yale kabla ya damu kuingia. Oktoba 1750 mtu mmoja wa kijiji cha jirani, Matthew Chancellor, aliyesumbuliwa na pumu miaka 30, aliota ndoto. Akaonyeshwa maji yanayotiririka karibu na lango liitwalo Chain Gate, ambayo yalitoka kwenye hiyohiyo Chalice Well, akaambiwa anywe glasi moja Jumapili saba mfululizo, asubuhi, kabla ya kula. Akanywa, akapona, akaenda kuapa mbele ya wakubwa kwamba amepona. Mei ya mwaka uliofuata ilisemwa watu 10,000 wamemiminika kwenye mji ule mdogo. Mwaka 1753 ikafunguliwa nyumba maalumu ya kuuzia na kunywea maji hayo, kisha homa ikapoa, watu wakarudi kwao. Sisi tuliokumbuka Loliondo mwaka 2011, misururu ya magari kwa kilomita na kilomita, kikombe kimoja shilingi 500, ndoto ya mchungaji ndiyo chanzo, hatuna haja ya kuwacheka Waingereza wa 1751. Ndoto, dozi iliyopangwa, kikombe, umati. Hata mtiririko ni uleule.

White Spring ina kisa kifupi zaidi na cha kusikitisha. Pale palikuwa na kibonde cha miti na vichaka, maji ya chokaa yakivika majani na vijiti ganda jeupe. Mwaka 1872 watu wa maji wa mji, wakiwa na hofu ya kipindupindu, wakajenga tangi la mawe juu ya chemchemi, kibonde kikaisha. Baada ya muda chokaa ikaziba mabomba, mradi ukaachwa. Lile jumba lenye giza uliloingia, lenye mishumaa na maji yanayoanguka, si hekalu la kale. Ni tangi la serikali ya mji lililoshindwa kazi. Waumini wa siku hizi wamelifanya kuwa mahali pa ibada, wakaweka altare kwa Bride, ambaye kwa Wakristo ni Mtakatifu Brigid wa Ireland, na nyingine kwa Gwyn ap Nudd. Huyu wa pili nitamrudia, maana mama yako angemwelewa upesi.

Kwanza nikumalizie vitu vilivyotiwa kisimani, kwa sababu hapa ndipo ninapopapenda. Kile kifuniko cha Chalice Well, cha mti na chuma, chenye duara mbili zilizopishana, ambacho watu hukipiga picha kama alama ya siri ya wahenga, kilichorwa na msanifu majengo Frederick Bligh Bond na kuwekwa 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Bond ndiye aliyesimamia uchimbuaji wa magofu ya watawa. Mwaka 1918 akachapisha kitabu akikiri kwamba mahali pa kuchimba alikuwa akionyeshwa na roho za watawa waliokufa, wakimwandikia kupitia mkono wa rafiki yake aliyeshika kalamu. Kanisa lililomwajiri halikufurahi, na miaka michache baadaye hakuwa na kazi. Kumbuka aliyapata majengo kwelikweli. Mimi nadhani alikuwa mjuzi mkubwa wa majengo ambaye hakuuamini ujuzi wake mwenyewe mpaka mtu mwingine amwambie.

Na kuna bakuli. Upande wa pili wa mji, sehemu inayoitwa Beckery, palikuwa na kisima kingine, cha Bride. Mwaka 1898 daktari mmoja, John Goodchild, alificha ndani yake bakuli la kioo la rangi ya buluu alilolinunua Bordighera, Italia, miaka kadhaa nyuma. Hakuligawa wala kulitangaza. Mwaka 1906 mabinti watatu, marafiki na dada wa kijana Wellesley Tudor Pole, wakaliopoa kwenye matope. Mwaka uliofuata London ilikuwa ikinong'ona kwamba kikombe kitakatifu kimepatikana. Mpaka mwandishi Mark Twain, aliyekuwa ziarani, akaonyeshwa. Wataalamu walipoliangalia sawasawa, bakuli halikuwa la kale. Tudor Pole hakukata tamaa. Mwaka 1959 alianzisha wakfu ulioinunua bustani ya Chalice Well, ambayo kabla yake ilikuwa mikononi mwa mwalimu na mtunzi wa tamthilia, Alice Buckton, tangu 1912 hivi, na bakuli bado linatunzwa hapo. Unaona mambo: kuna kisima cha Glastonbury ambamo kweli kilizikwa chombo kitakatifu, na tunamjua aliyekizika, mwaka aliokizika, na mji alikonunua. Si kisima ulichochota wewe, basi.

Wachimbuaji wa kisayansi nao walifika. Philip Rahtz alichimba Chalice Well 1961 akaonyesha kwamba kile kinachoonekana kisima kirefu si kisima cha kuchimbwa. Ni nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa juu ya ardhi kuizunguka chemchemi, kisha udongo wa kilima ukaporomoka ukaifukia mpaka shingoni. Pia alikuta kisiki cha mti wa yew wa enzi za Warumi na vijiwe vya watu wa zama za mawe. Watu walikuwa wakija pale kabla hajazaliwa mtu wa kuitwa Yusufu. Walichokuwa wakisema walipofika, hakuna karatasi inayotuambia.

Karatasi ya namna fulani ipo, lakini mji mwingine, na kwa kuwa uko Bristol ni robo saa hivi kwa treni: nenda Bath. Pale chemchemi inatoka ikiwa moto, nyuzi 46, na Warumi waliijengea hekalu la mungu mke Sulis Minerva. Wenyeji husimulia kwamba iligunduliwa na mwana wa mfalme aliyeitwa Bladud, mwenye ukoma, aliyekuwa akichunga nguruwe. Nguruwe wakagaagaa kwenye matope ya moto, ngozi zao zikatakata, akawaiga. (Pango la Mangapwani kule Unguja, nalo lina maji baridi ndani, na wanasimulia kijana mtumwa aliyempoteza mbuzi wake, akamsikia analia chini. Mnyama ndiye mgunduzi, mchungaji hufuata.) Uchimbuaji wa 1979 na 1980 ulitoa kwenye ile chemchemi vipande vya madini ya risasi vilivyokunjwa, na jumla yake ni kama 130. Vimeandikwa maapizo, na mengi ni ya wizi. Mtu mmoja, Docilianus, ameibiwa joho lake lenye kofia. Anamkabidhi mwizi kwa mungu wake, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, asipate usingizi wala mtoto mpaka alirudishe lile joho hekaluni.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hiyo ni halbadiri! Ni ileile tunayoijua, ya mtu aliyeibiwa kuku au baiskeli, amekwisha kuchoka na polisi, anakwenda kumsomea mwizi asiyemjua jina. Tofauti ni kwamba Docilianus aliiandika kwenye risasi akaitupa majini, na maji yakaitunza karibu miaka 1,800.

Hapo ndipo ninapomrudia mama yako, na Gwyn ap Nudd. Katika hati ya Kiwelshi ya karne ya 16 kuna kisa cha mtawa Collen aliyeishi peke yake kwenye kibanda chini ya Tor. Aliwasikia wakulima wawili wakimtaja Gwyn, mfalme wa watu wasioonekana, akawakemea. Wakamwambia utajibu kwa hilo. Mjumbe akaja kumwita kileleni, akakataa, akaitwa tena, mara ya tatu kwa vitisho. Akachukua maji yaliyobarikiwa akayaficha chini ya vazi, akapanda. Juu akakuta jumba ambalo jana halikuwepo, wapiga ngoma na vinanda, vijana waliovaa nguo za rangi mbili, nyekundu na buluu, na mfalme kwenye kiti cha dhahabu anamkaribisha mezani. Collen akasema, mimi sili majani ya miti. Akaulizwa, umewahi kuona mavazi mazuri kama haya? Akajibu, ni mazuri kwa kazi yake: wekundu ni moto, ubuluu ni barafu. Akamwaga maji yake kulia na kushoto. Alipofumbua macho hapakuwa na jumba wala watu, ni nyasi tupu za kilima.

Mfikishie mama kisa hiki, naamini hatahitaji ufafanuzi. Chakula cha jini hakiliwi, hilo anajua tangu utoto. Anajua pia kwamba penye maji ya namna ile mtu haingii kama anaingia dukani: anabisha, anasema amekuja kwa lipi, anaacha kitu, kipande cha kitambaa, ubani, chochote, ndipo anachota. Nao wa kule walifanya hivyo. Mti wa miiba wa Wearyall ulikuwa umejaa tepe na vitambaa vya watu walioacha haja zao, mpaka usiku mmoja wa Desemba 2010 mtu asiyejulikana alipoukata. Matawi ya mti wa ukoo huo bado hupelekwa kwa mfalme kila Krismasi. Kwa hiyo ukiniuliza kati ya mama yako na aliyekutembeza nani yuko karibu zaidi na watu wa zamani wa chemchemi ile, nitamchagua mama. Aliyekutembeza amekupa hadithi ya juzi. Mama amekupa masharti, na masharti yana umri mkubwa kuliko hadithi.

Kuhusu chupa. Asiinywe, na hili halina uhusiano na mzimu: ni maji ya chemchemi yaliyokaa kwenye plastiki na joto la safari, hata kama yangetoka mbinguni. Ile tope ya rangi ya matofali ambayo sasa itakuwa imetua chini ya chupa ni kutu tu, ileile ya kwenye mawe, imekamilisha kazi yake njiani. Mwambie amwagie mwembe, miti haikatai chuma. Na kama atataka kusema maneno yake mawili matatu kwanza, mwache aseme.